Je, chura anayeng'ata wa Gede ametoka Amerika ya Kusini?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu ambaye sasa ni mkulima huko Gede, kusini mwa Malindi. Anaeleza kwamba baada ya mvua kubwa za Aprili alimkuta chura ndani ya shimo alilolichimba ili apande mwembe. Chura huyo alikuwa mnene, mpana kama kisahani cha kikombe cha chai, wa kijani kilichofifia na mwenye mikunjo mgongoni. Mjukuu wake alimchokoza kwa kijiti. Chura akakirukia, akakibana na akakataa kukiachia. Kijana anashikilia kwamba amemwona chura huyo huyo kwenye simu, kwamba huitwa Pac-Man na kwamba kwao ni Amerika ya Kusini. Majirani wameongeza kwamba ametoroka katika nyumba ya mgeni Mwitaliano. Mwalimu anauliza kama ni kweli, kama ana sumu, na huyo wa Amerika ya Kusini anaishi vipi hasa, kwa kuwa mjukuu anataka aagiziwe mmoja.

Mwalimu, shikamoo. Nianze na lile la majirani, kwa kuwa ndilo jepesi. Chura uliyemkuta hakutoroka katika nyumba ya mtu yeyote. Yeye ni mwenyeji wa pwani hii kuliko mimi na wewe. Maelezo yako yananitosha kumtambua: unene, kijani kilichofifia, mikunjo mifupi inayofuata urefu wa mgongo, na hasa kitu ambacho hukukitaja, yaani pembe, ambazo huyo wa Amerika ya Kusini anazo na huyu wetu hana. Jina lake la kitaalamu ni Pyxicephalus edulis, na alielezwa mwaka 1854 na Mjerumani Wilhelm Peters kutokana na vielelezo alivyovikusanya Msumbiji. Neno edulis ni la Kilatini, na maana yake ni "anayelika", kwa kuwa ziko sehemu za Afrika ambako huliwa. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tumefundishwa kwamba chura haliwi wala hauawi, na nadhani kwa hilo amenufaika na ujirani wetu.

Hata hivyo mjukuu wako hakukosea kijinga. Ukiwaweka wawili hao kando kwa kando, utaona mwili ule ule wa mviringo, miguu mifupi isiyofaa kuruka mbali, mdomo unaotoka bega hadi bega na tabia ile ile ya kushambulia kitu ambacho chura mwingine angekikimbia. Nasaba zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kilichowafananisha ni maisha: wengi wa jamaa za hao wenye pembe, kama huyu wetu, huishi mahali ambapo maji huja kwa wiki chache na ukame ukakaa kwa miezi, na mwili umejengwa kuifuata kalenda hiyo. Chura mwenye nafasi fupi namna hiyo hawezi kuchagua chakula, wala hawezi kupoteza nguvu kwa kukifukuza.

Vyura wenye pembe, akiwemo huyo Pac-Man, ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Ceratophrys, ambayo kwa hesabu iliyozoeleka ina spishi nane, kuanzia Kolombia na Venezuela upande wa kaskazini mpaka Ajentina na Urugwai upande wa kusini. Ceratophrys cornuta, ambaye Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kitaalamu, alimpa jina mwaka 1758, ni wa msitu wa Amazon, na yeye ndiye mwenye pembe ndefu zaidi. Ceratophrys ornata ni wa nyika za majani za Ajentina, Urugwai na kusini mwa Brazili. Alielezwa na Thomas Bell mwaka 1843 kutokana na viumbe waliokusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli Beagle. Ceratophrys cranwelli ni wa Chaco, eneo kubwa la vichaka na joto kali linaloenea Ajentina, Paragwai, Bolivia na Brazili, na huyu ndiye anayefugwa zaidi duniani. Kwa muda mrefu wawili hawa wa mwisho walihesabiwa kuwa mmoja, mpaka walipotenganishwa mwaka 1980. Seli za cranwelli zina kromosomu 26, ilhali za ornata zina 104, mara nne kamili. Jina la Pac-Man ni la wafanyabiashara, waliolichukua katika mchezo wa video wa Kijapani wa mwaka 1980, ambamo duara la manjano lenye mdomo humeza kila lililo mbele yake.

Hizo "pembe" si pembe. Ni nyama tu, kope ya juu iliyochongoka, na ukiibonyeza inalala. Kazi yake ni kuvunja umbo la jicho, kwa sababu jicho la mviringo ndilo kitu cha kwanza ambacho mnyama mwingine hukitambua kati ya majani makavu. Chura huyu hujichimbia kwa kurudi nyuma, akitumia kinundu kigumu kilicho kwenye unyayo wa kila mguu wa nyuma kama jembe dogo, mpaka mwili wote umezama na kubaki macho na ukingo wa mdomo. Hapo hutulia. Wavuvi wetu wanamjua chewa, samaki anayekaa kwenye pango la mwamba bila kuhangaika, akimsubiri mwenzake apite mlangoni, kisha mdomo unafunguka na mwenzake hayupo. Chura mwenye pembe ni chewa wa nchi kavu.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipata bahati ya kumwangalia mmoja, mchanga, asiyezidi ukubwa wa kifuniko cha chupa, akiwa ndani ya sanduku la kioo lenye udongo na majani. Aliwekewa nyenje mmoja, ambaye alitua mbali naye kidogo na kubaki hapo. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyetikisika. Kisha mguu wa nyuma wa chura ukainuka polepole, na kidole chake kirefu kikaanza kutetemeka juu ya mgongo, kwa mtetemo mdogo wa haraka, mfano wa mnyoo anayejikunja. Mwili uliobaki ulikuwa jiwe. Nyenje aligeuka, akasogea hatua mbili, akasimama, akasogea tena, na sikuona alivyoingia mdomoni; niliona tu macho ya chura yakididimia ndani ya kichwa, kwa sababu vyura husaidia kumeza kwa kuyashusha macho yao yasukume chakula kuelekea kooni. Mchezo huo wa kidole umeandikwa na watafiti katika zaidi ya spishi moja ya jenasi hii, na huonekana zaidi kwa wachanga. Ni chambo, na ndoana ni yeye mwenyewe.

Ndoana hiyo imepimwa. Mwaka 2014 Thomas Kleinteich na Stanislav Gorb wa Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, waliweka kioo kati ya vyura hawa na nyenje, na nyuma ya kioo wakafunga kipimo cha nguvu. Kila ulimi ulipogonga kioo, kipimo kilisoma nguvu iliyohitajika kuubandua. Kwa wastani nguvu hiyo ilizidi uzito wa chura mwenyewe, na kuna mapigo ambayo iliuzidi zaidi ya mara tatu. Ni sawa na mtu wa kilo 70 abandike ulimi kwenye gunia la mahindi la kilo 90 na kulinyanyua. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba ute haukuwa mwingi pale ulimi uliponata vizuri zaidi, kwa hiyo gundi peke yake haielezi jambo hili. Ulaini wa ulimi unaojifinyanga juu ya windo nao una sehemu yake.

Baada ya ulimi huja taya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Kristopher Lappin na wenzake walipima mng'ato wa cranwelli, na chura mwenye kichwa cha upana wa sentimita 4.5 alibana kwa takriban nyutoni 30. Ukitaka kuhisi nguvu hiyo, tundika dumu lenye lita tatu za maji kwenye ncha ya kidole chako. Kwa kichwa cha sentimita 10, ambacho wakubwa kabisa wa jenasi hii hukikaribia, hesabu yao ilifika karibu nyutoni 500. Vyura wengi hawana taya la maana, kwani humeza wadudu wadogo na basi. Huyu hula vyura wenzake, panya, mijusi na hata ndege wadogo, na windo la ukubwa huo hupigana. Ndiyo sababu meno yake ya juu yamechongoka kama ya mbwa, na taya la chini, ambalo halina meno ya kweli, limeotesha vichomozo viwili vya mfupa vinavyofanya kazi ya chonge. Vichomozo vya namna hiyo anavyo pia chura wako wa Gede, na hivyo ndivyo vilivyokishika kijiti cha mjukuu.

Umeuliza kuhusu sumu. Hakuna sumu katika mng'ato wa yeyote kati yao. Huko Ajentina chura mwenye pembe huitwa escuerzo, na watu wa mashambani kwa vizazi vingi wamesimuliana kwamba aking'ata mdomo wa farasi aliye malishoni, farasi hufa. Vyura wengi wameuawa kwa fimbo kwa ajili ya hadithi hiyo. Lililo la kweli ni kwamba hashindwi kirahisi. Akichokozwa hujijaza hewa mpaka akawa kama andazi, hufungua mdomo, hutoa ukelele unaofanana na wa mtoto mchanga, na kama bado unamsogelea, huja mbele. Ikitokea akamshika mtu kidole, kukivuta kwa nguvu ndiko kunakochana ngozi. Ni afadhali kutulia, au kuutia mkono majini pamoja naye, naye ataachia. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na kama chanjo ya pepopunda ni ya zamani, zahanati ipo. Mikono ioshwe pia kabla ya kugusa macho, kwa maana ute wa ngozi ya chura yeyote unaweza kuwasha.

Sasa nije kwenye kiangazi, ambacho mimi hukiona ndicho kitovu cha habari yote. Mvua za Chaco zikikatika, vidimbwi hukauka na ardhi hupasuka. Chura hushuka chini, akiwa amejaza kibofu chake maji, ambayo mwili utayanyonya tena kidogo kidogo, na huko chini huanza kuambua ngozi. Kwa kawaida chura anapoambua ngozi huila papo hapo. Huyu huiacha imemvaa. Tabaka la pili hujitenga chini ya la kwanza, la tatu chini ya la pili, na kati yao kuna ute mkavu, mpaka mwili wote umefungwa ndani ya gamba ambalo limeacha matundu ya pua tu. Nimewahi kulichambua gamba la namna hiyo kwa koleo ndogo: ni matabaka kama manda za sambusa zilizopangwa kabla ya kukatwa, kila moja jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, lakini yakiwa pamoja yanazuia maji ya mwilini yasipotee. Gamba nililolichambua halikuwa la chura wa Chaco, bali la Pyxicephalus. Vyura hawa wawili, ambao bahari nzima imewatenga, wameifikia hila ile ile ya kushona blanketi kwa ngozi zao wenyewe, na mvua ikirudi wote hulila blanketi hilo kabla ya kutafuta mlo mwingine.

Mvua kubwa ya kwanza hubadilisha mambo kwa usiku mmoja. Madume ya Ceratophrys hutoka, hufika kwenye madimbwi mapya na kuita. Majike huja, hutaga mayai yanayoweza kupita elfu moja, na wiki haimaliziki kabla ya shughuli kuisha. Kidimbwi hakitadumu, na kiluwiluwi kinachokula ukungu wa majani kwa utaratibu kinaweza kukaukiwa kabla hakijaota miguu. Viluwiluwi vya chura mwenye pembe vimechagua njia nyingine: vinakula nyama. Vina midomo migumu mfano wa kasuku, vinakata vipande vya viluwiluwi vya vyura wengine waliotaga katika maji yale yale, na kwa mlo huo hukua na kutoka majini ndani ya wiki chache.

Hapo huzuka tatizo, kwa kuwa wala nyama mia kadhaa walio kwenye dimbwi moja wataanza kulana. Mwaka 2011 Guillermo Natale na wenzake wa Ajentina walitangaza jambo ambalo, nilipolisoma, nilirudi mwanzo wa ukurasa kuhakikisha sikuelewa vibaya: viluwiluwi vya ornata vinatoa sauti. Kikiguswa na mwenzake, kiluwiluwi hutoa mlio mfupi mkali chini ya maji, kama chuma kinachogongwa, na hufanya hivyo tangu siku zake za mwanzo. Kabla ya hapo hakukuwa na ushahidi wa kiluwiluwi cha spishi yoyote kutoa sauti ndani ya maji. Tafsiri yao ni kwamba mlio huo humwambia mwenzake kwamba amemshika ndugu, ili amwache na kutafuta nyama nyingine, na kwa kweli viluwiluwi hivi huuma vya spishi nyingine kuliko vinavyoumana vyenyewe.

Nilipotembea usiku mmoja wa masika kando ya kidimbwi cha msimu ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikiwa na tochi na matope ya magotini, niliwasikia Pyxicephalus kabla ya kuwaona. Sauti yao ni fupi na nzito, mfano wa mtu anayeguna. Hapo ndipo tofauti moja kubwa ilionekana wazi. Kwa vyura wenye pembe, jike ndiye mkubwa: jike la ornata hupita sentimita 16, na dume lake hubaki nyuma sana. Kwa ukoo wa huyu wetu mambo ni kinyume, na hasa kwa Pyxicephalus adspersus wa kusini mwa Afrika, ambaye dume lake linaweza kupita sentimita 20. Nadhani sababu iko katika malezi. Dume la adspersus hubaki na viluwiluwi vyake, huwarukia ndege na hata wanyama wanaokaribia, na maji yakianza kupungua huchimba mfereji kutoka dimbwi kubwa hadi kwenye kijidimbwi walimokwama wanawe. Dume la Ceratophrys huondoka siku ile ile, na mwenye kuondoka hahitaji kifua.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, lakini mjukuu wako atalipenda. Mwaka 2008 Susan Evans, Marc Jones na David Krause walitangaza mabaki ya chura aliyeishi Bukini, kama wazee wa majahazi walivyoiita Madagaska, mwishoni mwa zama za dinosaria. Walimwita Beelzebufo. Kichwa chake kilikuwa kipana na chenye mfupa mzito, na wengine wanamweka katika ukoo wa hawa wenye pembe, jambo ambalo lingemaanisha kwamba ukoo huo ulikuwa upande huu wa dunia zamani sana. Wataalamu bado wanabishana, na mimi niko upande wa wenye shaka, kwa sababu chura wako wa Gede ni ushahidi tosha kwamba kichwa kipana kinaweza kuzaliwa mara mbili bila undugu.

Kuhusu kuagiza mmoja, jibu langu ni hapana, Mwalimu, na naomba umweleze kijana sababu zake. Kuingiza mnyama hai nchini kunahitaji vibali, cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na cha idara ya mifugo, na wauzaji wa mtandaoni hawaviulizi. La pili ni zito zaidi. Biashara ya vyura hai imesafirisha duniani kuvu anayeshambulia ngozi zao, na chura hupumua na kunywa kwa ngozi. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi. Bwawa la umeme lilimpunguzia maji, idadi yake ikaporomoka mwaka 2003 huku kuvu huyo akikutwa kwenye mizoga, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Madimbwi ya Arabuko-Sokoke yako mwendo mfupi kutoka shambani kwako. Sina haja ya kumwona mgeni wa Chaco akimwagwa humo pamoja na maji yake siku kijana atakapochoka kumtafutia panya.

Kijana anaye chura wake tayari, bila kibali wala nauli. Mwembe upande pembeni kidogo, shimo liache wazi mpaka mvua zipungue. Usiku wa mvua kubwa aende na tochi, asimame hatua mbili mbali, asimguse, na ahesabu ni mara ngapi chura anasogea kwa saa moja. Nadhani atahesabu sifuri au moja. Kiangazi kikiingia, shimo litaonekana tupu. Chura atakuwa chini ya udongo huo huo, ndani ya manda zake, kwa hiyo hapo kwa jembe msipite mpaka vuli.